Naomba ushauri: kupunguza foleni ya dawati la maktaba kwa uigaji wa kompyuta

Habari zenu wataalamu. Mimi ni mkutubi, na ninatengeneza programu ya kuiga foleni ya dawati letu la kuazima na kurudisha vitabu, kwa sababu inaniumiza kuona wasomaji wakisimama muda mrefu kwa ajili ya kitabu kimoja. Nimeanza na dhana aliyoitumia A. K. Erlang, mwanahisabati wa Denmark, mwaka 1909 katika kuchunguza simu za Copenhagen, kwamba maombi hufika kwa nasibu, kila moja bila kutegemea jingine; lakini wanafunzi wetu hufika kwa makundi vipindi vya masomo vinapoisha, na hapo ndipo matokeo ya kompyuta yanapotofautiana sana na ninachokiona dawatini. Je, niigawe siku katika nusu saa, kila moja na kasi yake ya ufikaji, au nitumie moja kwa moja nyakati halisi nilizozirekodi? Pia ninataka kulinganisha foleni moja inayohudumiwa na wahudumu wawili na foleni mbili zilizotengana, nami ninaegemea ile ya kwanza. Niendeshe uigaji mara ngapi kabla ya kuyaamini matokeo na kuyapeleka kwa uongozi?