Mdogo wangu kaanguka na bodaboda, CT scan safi ila kichwa hakijatulia. Tuuze pikipiki?

DadaMkubwa: Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wangu ni dereva wa boda, alianguka wiki tatu zilizopita, akazimia kama dakika moja. CT scan ikatoka safi, tukaambiwa hana kitu. Lakini mwanga unamuumiza, dirisha nimeliziba kwa kanga. Jana kahesabu chenji ya elfu kumi mara nne, akaziacha noti mezani, akalia. Kuna jamaa kamwambia kuna picha ya kisasa, DTI, inaonyesha hadi nyuzi za ubongo, ila ni nje ya nchi. Nyumbani wanataka kuuza pikipiki.

ZamuYaUsiku: Pole sana dada. Nipo chumba cha picha, naona haya kila wiki. CT inatafuta damu na mfupa uliovunjika, vitu vya kumpeleka mtu upasuaji. Ikiwa safi haina maana hakuumia. Utafiti mmoja wa Marekani uliotoka 2013 ulichukua watu 98 wenye CT safi; walipopigwa MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, asilimia 27 walikutwa na kitu. Hiyo DTI ni aina ya MRI, inafuatilia maji yanavyopita kwenye nyuzi. Inafaa watafiti wanapolinganisha makundi, ila kwa mgonjwa mmoja haijaaminika, kwa sababu bongo zetu hazifanani hata tukiwa wazima. Msiuze pikipiki kwa hiyo picha!

KijiweChaJuu: Yalinikuta hayo. Daktari alinihoji kwa kirefu, akanipima macho na nikisimama kwa mguu mmoja. Picha nyingine hakunipiga. Nilianza kutembea kidogo kidogo, mwezi wa pili nikarudi barabarani. Dogo asiendeshe kwanza, akigonga kichwa tena kabla hajapona ni balaa.

DadaMkubwa: Asanteni. Na wakimwandikia MRI ya kawaida?

ZamuYaUsiku: Akiiandika daktari wa ubongo, pigeni hapahapa nchini. Muulizeni kama itakuwa na SWI, ile inaona vidoa vya damu ambavyo CT haivioni. Ila akitapika mfululizo, akikakamaa, mkono ukilegea au kumwamsha kukawa kazi, mkimbizeni usiku huohuo. Damu huweza kuvuja taratibu hata wiki kadhaa baadaye, na hapo CT inarudiwa.

DadaMkubwa: Leo kala, hajatapika. Mama nimeshamwambia pikipiki haiuzwi. Alfajiri tunaenda kliniki.