Wadau mliopita makumbusho ya mafuvu na maiti Ulaya, nielekezeni (Berlin, Prague, Vienna)

binti_wa_marangu

Habari za saa hizi wakuu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu. Mwezi wa tisa naenda Berlin kwa dada yangu, viza tayari, na nitakuwa na muda wa kuzunguka kidogo kabla ya kurudi Moshi. Sasa wenzangu wakifika Ulaya wanakimbilia maduka na kupiga picha chini ya minara, mimi tangu niko chuo (nimesoma maabara) napenda yale makumbusho ambayo wengine hata mlangoni hawafiki, viungo vya binadamu kwenye chupa za fomalini, mifupa, vyumba vya upasuaji vya zamani, makanisa ya mafuvu, vitu vya aina hiyo. Sitafuti kutishwa, ila nikiliona ini lenyewe lililoharibika, la mtu aliyeishi miaka mia na zaidi iliyopita, naelewa kitu ambacho kitabu hakinipi.

Nina sehemu tatu kichwani, ya hospitali ya Charité hapo Berlin, kanisa la mifupa karibu na Prague, na ule mnara wa vichaa wa Vienna. Je yanafaa kweli au ni mbwembwe za watalii tu? Picha wanaruhusu? Na jingine ndo linaniumiza, mama kaniambia kwa ukali kabisa kwamba maiti hatazamwi kwa kiingilio, mtu akifa anazikwa basi. Nimeshindwa kumjibu. Nyie mlioingia mlijisikiaje mle ndani?

kaka_wa_treni

Karibu sana dada, mi niko huku kimasomo na hayo mawili ya kwanza nimeingia.

Charité usiikose hasa wewe wa maabara. Iko ndani ya eneo la hospitali yenyewe, ukishuka stesheni kuu ya Berlin unaenda kwa miguu tu. Aliyeianzisha ni Rudolf Virchow, huyu huyu mnayemsoma kwenye mambo ya seli, aliifungua 1899 na mkusanyiko wake ulivuka vipande 20,000, mana alitaka ugonjwa uonekane hatua kwa hatua siyo mwisho wake peke yake. Vita ya pili ya dunia ikapiga lile jengo, vingi vikapotea, na ukumbi ambao watu walikuwa wanasikiliza mihadhara wameuacha gofu hivyo hivyo mpaka leo, matofali wazi. Kwenye kabati za vioo unapita kiungo kimoja baada ya kingine, moyo, mapafu, figo, ubongo, halafu kuna sehemu ya watoto waliozaliwa na kasoro kubwa, pale ndo wengi wanageuza. Mimi nilisimama muda mrefu kwenye mapafu mana bibi yangu aliondoka kwa kifua kikuu na sikuwahi kujua ndani ya kifua chake kulikuwa kunatokea nini. Nilitoka nimeelewa, na nilimlilia upya.

La mifupa liko Sedlec, mji wa Kutná Hora, kutoka Prague ni kama saa moja kwa treni, shuka stesheni kuu ya Kutná Hora usingoje ya mjini, kanisa liko karibu tu. Ni dogo kuliko unavyolifikiria. Wanasimulia kwamba 1278 abate mmoja (mkuu wa monasteri) alirudi na udongo wa Golgota akaumwaga makaburini, basi kila mtu akataka azikwe pale, ikaja tauni karne iliyofuata, zikaja vita vya dini vya Wahussi, makaburi yakajaa mpaka mifupa ikabidi ihamishiwe chini ya kanisa. Mifupa ya watu 40,000 au zaidi. Mwaka 1870 ndo fundi wa kuchonga mbao, František Rint, akapewa kazi na ukoo wa Schwarzenberg kuipanga. Akatengeneza taa kubwa ya kuning'inia darini ambayo wanasema ina kila aina ya mfupa wa mwili wa binadamu, akatengeneza na nembo ya mabwana zake kwa mifupa, kisha akaandika jina lake ukutani, nalo kwa mifupa. Hilo jina ndo lilinikaa vibaya. Taa naielewa, jina siielewi.

Picha hapana. Walipiga marufuku tangu 2020 mana watu walikuwa wanayashika mafuvu, wanayavalisha miwani na kofia ili wapige nayo selfi. Ni kanisa lile, siyo studio.

mzee_wa_pangani

Mwanangu mimi niko na mama yako. Kwetu hata ukipita karibu na makaburi unawasalimia waliolala. Ukatoe hela ukamchungulie mtu aliyekatwa vipande akawekwa kwenye chupa, huyo mtu ana jina, ana mama yake. Elimu utaipata kwa njia nyingine.

MamaJunior_Vienna

Shikamoo mzee wa Pangani, hoja yako nzito na sitaki kuipita. Naishi Vienna miaka sasa.

Mdogo wangu, huo mnara unaitwa Narrenturm, ulijengwa 1784 enzi za mfalme Joseph II, wa duara, ghorofa tano, vyumba vidogo vidogo vimezunguka, walikuwa wanafungiwa wagonjwa wa akili. Leo ndani ni mkusanyiko wa magonjwa, mifupa iliyopinda, vichwa vilivyojaa maji, na sanamu za nta za ngozi zenye kaswende na ndui ambazo zinafanana na kweli mpaka unajikuna. Haufunguliwi kila siku, angalia ratiba kwenye tovuti yao kabla hujakata tiketi ya treni. Ila ukiniuliza mimi nitakwambia uende Josephinum, enzi za huyo huyo Joseph II, mwili mzima wa binadamu umetengenezwa kwa nta huko Florence ili madaktari wa jeshi wajifunze bila kupasua maiti. Kuna mwanamke amelala kwenye kisanduku cha kioo, nywele za kweli, mkufu wa lulu shingoni, tumbo wazi na viungo vinatoka kimoja kimoja. Pale hakuna aliyeibiwa mwili wake, na mafunzo ni yale yale. Mwambie mama hilo labda atapoa.

Halafu kuna jambo ambalo Mwafrika yeyote anayefika Vienna inafaa alijue. Alikuwepo mtu anaitwa Angelo Soliman, alitekwa Afrika akiwa mtoto, akauzwa mpaka Sicilia, mwisho akafika hapa, akasoma, akaongea lugha kadhaa, akaaminiwa na wakubwa wa mji huu, akaoa, akapata binti. Alipofariki 1796 wakamchuna ngozi. Ndiyo, mtu aliyekula nao meza moja, wakaichuna ngozi yake wakaivalisha kwenye sanamu, wakaipamba kwa manyoya ya ndege na shanga za kome, wakaiweka kwenye makumbusho ya mfalme katikati ya wanyama waliokaushwa. Binti yake Josephine aliomba apewe baba yake akamzike, wakamkatalia. Ilikaa miaka mingi hadi kwenye machafuko ya 1848 moto ulipounguza jengo, na yeye akaungua humo. Mimi kila nikipita mtaa wa ikulu namkumbuka yule binti anavyohangaika na barua zake. Kwaiyo mzee wa Pangani kasema kweli, ana jina, ana mtoto.

mjukuu_wa_kalenga

Asante sana mama Junior, umenigusa penyewe.

Binti wa Marangu, wewe hasa usiende Berlin kama mtalii wa kawaida. Hiyo Charité unayoisifia, kwenye stoo zake kulikuwa na maelfu ya mafuvu yaliyokusanywa enzi za ukoloni, mengi na mtu anaitwa Felix von Luschan. Hayapo kwenye kabati za maonyesho ulizoelezwa hapo juu, tusichanganye, yalikabidhiwa 2011 kwa taasisi nyingine ya makumbusho ya hapo hapo Berlin. Wakafanya utafiti wa mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki, mengi ya Rwanda, karibu 200 ya kwetu Tanzania, na machache ya Kenya. 2023 wakatangaza kwamba vinasaba vya baadhi vimeoana na vya watu walio hai, Wachaga, na mmoja alikuwa akida, mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi. Mangi mwenyewe mnajua alinyongwa Old Moshi Machi 1900 pamoja na wenzake 18, na ukoo umetafuta kichwa chake miaka na miaka, kwenye majibu yale hakikuonekana.

Sisi Wahehe tunaijua hii. Mkwawa, mtawala wetu, alijipiga risasi 1898 asishikwe, Wajerumani wakachukua kichwa. Ikaandikwa mpaka kwenye mkataba wa Versailles, ibara ya 246, kwamba Ujerumani ilirudishe fuvu ndani ya miezi sita. Halikurudi. Ilibidi gavana Mwingereza Twining aende Bremen, Ujerumani, mwenyewe akalichague katikati ya mafuvu mengine, likarudi 1954, Chifu Adam Sapi akalipokea. Leo liko Kalenga nje ya Iringa, kwenye kabati la kioo.

Na hapo ndo najibu swali la mama yako. Mimi nimeingia Kalenga na nikasimama mbele ya fuvu la babu, na sikuona ni dhambi. Pale wenyewe ndo wanalitunza, wanajua ni nani, wanakusimulia ni nani, ukitoka unamjua. Kule Bremen lilikuwa fuvu moja tu katikati ya mengine. Kwaiyo mi nikiingia makumbusho ya namna hii nauliza mtu wa mapokezi, huyu alifikaje hapa, na alikubali nani. Kama wana jibu naangalia. Kama hawana natoka.

ndugu_wa_bukavu

Bwana mkubwa wa Kalenga, hata sisi wa Congo tuko kwenye hesabu hiyo. Mimi nakaa Brussels. Mtu akikwambia twende Tervuren, nje kidogo ya Brussels, kwenye makumbusho ya Afrika, nenda, lakini anzia kanisani pale kijijini. Mwaka 1897 mfalme wa Ubelgiji Leopold II alileta Wacongo 267 akawaweka kwenye bustani kama kijiji cha maonyesho, Wabelgiji wakawa wanakuja kuwaangalia. Saba wakafa, makaburi yao yako pembeni ya ukuta wa kanisa. Watoto wangu nimewapeleka hapo kwanza, tukasali, ndiyo tukaingia ndani.

Na fuvu la chifu Lusinga, wa upande wetu wa Ziwa Tanganyika, aliyeuawa 1884 na watu wa Émile Storms, mwanajeshi Mbelgiji, mpaka Brussels likafika. Tunadai mpaka leo.

mwl_kigali

Naongeza kitu kimoja tu, mana kichwa cha uzi kinasema mafuvu na maiti, na kuna mtu atakisoma akapanga safari ya kuja kwetu kwa moyo huo huo. Murambi, huku Rwanda, siyo makumbusho ya ajabu, ni kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Ilikuwa shule ya ufundi, haijamalizika kujengwa, watu wakaambiwa wakimbilie huko watalindwa, tarehe 21 Aprili 1994 wakauawa, maelfu kwa maelfu. Baadhi ya miili ikahifadhiwa kwa chokaa na kulazwa madarasani, na waliookoka walikubali iwe hivyo ili asitokee mtu wa kusema haikutokea. Usije ukiwa na kiu ya kutazama kitu cha kutisha, usipige picha ndani, usivae kama unaenda ufukweni, na muongozaji akinyamaza na wewe nyamaza, mara nyingine ni ndugu zake. Kama hujawahi, anza na kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya Gisozi hapa Kigali, kuna maelezo ya kutosha yatakayokuandaa.

binti_wa_marangu

Asanteni sana jamani, nimesoma yote mara mbili, na nimemsomea mama kwa sauti akiwa anachambua maharage, hasa ya mama Junior. Ilipofika kwa yule binti aliyekataliwa kumzika baba yake aliacha maharage. Baadaye akaniambia kitu ambacho nina umri huu sijawahi kukisikia, kwamba upande wa bibi mzaa mama ni watu wa Old Moshi na kuna mzee wa ukoo aliyechukuliwa na Wajerumani baada ya ile siku ya kunyongwa na hakuna kaburi lake. Wanalo shamba, kuna sehemu wameacha mgomba wa kuonyesha tu.

Kwaiyo mpango umebadilika. Charité naenda bado, mama karidhia, kasema nisome ila nisicheke humo ndani. Vienna nitaingia Josephinum, mnara nitaona siku ikiruhusu. Kanisa la Sedlec nimeliweka pembeni, siyo kwa ubaya, ile habari ya fundi kuandika jina lake kwa mifupa ya watu imenikaa.

Swali ni kwa mjukuu wa Kalenga au yeyote anayejua, hiyo taasisi ya Berlin mtu wa kawaida anaweza kuiandikia kuuliza kama wana mtu wa ukoo wetu? Au lazima ipitie serikalini?

mjukuu_wa_kalenga

Andika mwenyewe na nakala peleka Makumbusho ya Taifa Dar, usingoje mtu. Weka jina la mzee, majina ya baba na babu yake, kijiji, mangi aliyekuwa chini yake, na nani kwenye ukoo yuko hai upande wa baba na upande wa mama, mana kwenye vinasaba pande zote mbili zinasaidia. Wazee wahojiwe sasa hivi kabla hujasafiri, rekodi kwenye simu, wakitaja majina waache waende hata kama wanarudia. Na barua iandike kwa Kiswahili na Kiingereza, zote mbili kwenye bahasha moja.

MamaJunior_Vienna

Ukifika Vienna niandikie inboksi, nitakusindikiza Josephinum. Na barua yako kama inahitaji Kijerumani nitaitafsiri bure.