Naomba ushauri: mionzi ya tezi dume na madhara yake kwenye utumbo

Habari zenu ndugu zangu. Baba yangu, miaka 68, amegundulika na saratani ya tezi dume, haijasambaa. Upasuaji ameukataa, tumebaki na mionzi. Daktari ametupa njia tatu: mionzi ya nje vipindi 20 kwa wiki 4, ile ya dozi kubwa vipindi 5 tu, au kupandikizwa vipunje vyenye mionzi ndani ya tezi yenyewe. Anasema zote zinamfaa, tuchague.

Kinachotuumiza kichwa ni utumbo. Puru (sehemu ya mwisho ya utumbo mpana) iko nyuma ya tezi kabisa, mionzi lazima iiguse, na baba tayari ana bawasiri inayotoa damu. Tumeelezwa kuharisha na kubanwa na haja ghafla mara nyingi hupungua wiki chache baada ya tiba, ila damu inaweza kuanza hata mwaka au zaidi baadaye. Hilo la baadaye ndilo linaloninyima usingizi.

Mliopitia au kuuguza: baada ya mwaka mmoja au miwili choo kilikuwaje, na mlitumia njia ipi? Kuna aliyewekewa jeli ya kutenganisha puru na tezi kabla ya kuanza? Ilimsaidia?