Maji ya sola hayapati moto, wageni wanaingia Ijumaa. Naombeni ushauri

Mtunza_Nyumba
Asalaam aleikum ndugu zangu. Niko Malindi, natunza nyumba ya Mwitaliano upande wa Casuarina. Paani kuna paneli mbili za sola za kupasha maji, chini stoo kuna tangi la lita 300 na pampu ndogo ya kuzungusha. Wiki jana kiungo kimoja kilivuja. Nikamwaga maji yote ya mzunguko wa paneli, nikakaza, nikajaza tena kwa mpira. Tangu hapo maji ya kuogea ni baridi, na ndani ya mabomba nasikia kukoroma kama buruma ya tumbaku. Wageni wanaingia Ijumaa. Mwenye nyumba yuko Milan, hajui lolote. Swali langu ni moja: nikiongeza presha kwa pampu ya kisima, hewa itasukumwa itoke?

Kipepeo_Maweni
Joto hili la Machi mtu anataka maji moto ya nini? Kwangu nikifungua mfereji saa nane mchana yanatoka tayari kwa chai, bado majani tu.

FundiMabomba
Usiongeze presha. Hewa ukiibana haitoki, inajikunja tu kwenye kona ya juu kabisa, na pampu ndogo haina nguvu ya kuipita. Jaza kutoka chini, polepole, huku kile kifereji cha kutolea hewa kule paani kiko wazi. Kitatema, kitakohoa, mwisho maji yatatoka mfululizo bila povu. Funga. Washa pampu robo saa, zima, fungua tena. Rudia mpaka kikohozi kiishe. Kila mita 10 za kimo hula baa 1 ya presha, kwa hiyo nyumba ya ghorofa moja, maji yakiwa yamepoa, baa 1.5 hadi 2 kwa kawaida yatosha.
Na fanya alfajiri. Paneli iliyokaa juani bila maji kuzunguka hupita nyuzi 150. Ukiimiminia maji baridi saa sita, mvuke utakuchuna ngozi.

MamaBarani
Mwanangu, mimi hewa siijui. Ninachouliza ni kwa nini mwenye mali hajui. Nimefanya kazi za nyumba za watu miaka kumi na tisa. Kikombe kikivunjika nasema siku hiyo hiyo, ndiyo maana funguo bado ziko kwangu.

Kijana_wa_Amu
Kwetu Amu nyumba ya bibi ilikuwa na birika la maji kando ya choo, na ndani samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Ukioga unachota kwa kata, taratibu, usije ukamchota samaki. Nililia siku yule mkubwa alipokufa. Maji yalikuwa baridi na hakuna aliyelalamika.

FundiMabomba
Mtunza, geji ya presha inasoma ngapi asubuhi na ngapi mchana? Umejaza maji gani? Valvu ya usalama inadondosha?

Mtunza_Nyumba
Asubuhi sifuri, mchana inapita 5. Maji ni ya kisima cha hapa nyumbani, yana chumvi kidogo. Valvu iko sawa, haidondoshi.

FundiMabomba
Inatoka sifuri mpaka inapita 5, na haidondoshi hata tone? Umeifanya nini?

Mtunza_Nyumba
Sawa. Ilikuwa ikidondosha tangu Januari. Mwenye nyumba akaiona ndoo chini yake kwenye video, akasema kila nikipiga simu kuna kitu kinavuja. Fundi mmoja alitaka elfu nane kuja kuangalia tu. Nikaziba pale inapotokea maji kwa plagi ya chuma, nikazungusha tepu nyeupe mara kumi na mbili. Haijatoa tone tena. Naona hilo ni jambo jingine, na hewa ni jambo jingine. Mimi nimeuliza hewa.

FundiMabomba
Ni jambo moja, kaka. Maji yakipata moto huvimba. Lile tangi dogo la pembeni lina kibofu cha mpira ndani, upande mmoja maji, upande wa pili upepo, ili yanayovimba yapate pa kwenda. Kibofu kikipasuka presha inapanda, na valvu inatema ili bomba lisipasuke. Usiku yanapopoa yanajikunja, geji inaanguka sifuri, na hewa inavutwa ndani kupitia viungo. Hewa unayoisikia ndiyo hiyo. Valvu ilikuwa inafanya kazi yake, na wewe umeifunga mdomo.

Kipepeo_Maweni
Wadau, huyu anatutungia. Mwitaliano, wageni Ijumaa, plagi ya chuma, hadithi imekamilika mno. Mwezi uliopita kwenye uzi wa tuktuk alisema anafanya kazi ya chumvi Gongoni!

MamaBarani
Hata mimi nilishangaa. Tepu mara kumi na mbili, nani anahesabu?

Mtunza_Nyumba
Chumvi niliacha mwezi uliopita, mikono ilikatika nyufa. Nyumba hii nilianza kwa kumsaidia binamu yangu, sasa ameniachia. Tepu nilihesabu kwa sababu nilikuwa naogopa. Niko stoo sasa hivi, saa kumi na moja jioni. Kioo cha geji kina ufa, mshale uko kwenye 4. Picha ya nyumba ya mtu siweki hapa, mniamini msiniamini.

FundiMabomba
Mimi namjibu kama ni kweli. Mtunza, toka hapo stoo. Plagi usiiguse ikiwa moto. Funika paneli kwa turubai, uache pampu ikizunguka. Alfajiri, mshale ukiwa sifuri, zima pampu, itoe plagi. Kisha bonyeza ile sindano ya tangi dogo, ni kama ya tairi la gari. Ikitoa upepo, jaza upepo. Ikitoa maji, nunua tangi jingine. Na maji ya kisima yamwage, chumvi inakula chuma. Weka ya mfereji, yale ya Baricho, yakipatikana, au ya mvua.

Mtunza_Nyumba
Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nilifunika kwa turubai la mashua ya jirani. Mshale sifuri. Plagi imetoka na maji kama kikombe yaliyokuwa yamenaswa nyuma yake. Nimebonyeza sindano, kidoleni pametiririka maji ya rangi ya chai. Duka la vifaa linafungua saa mbili.

MamaBarani
Na mwenye nyumba?

Mtunza_Nyumba
Milan sasa ni saa kumi na nusu, mama. Amelala.

MamaBarani
Basi saa tatu.

Mtunza_Nyumba
Saa tatu.