Wazazi kijivu, makinda wawili rangi ya chai ya maziwa: nimrudishe dume?

MfugajiUmoja: Habari zenu wafugaji. Naomba msaada, jambo hili linaninyima usingizi. Mapema mwaka huu nilinunua jozi ya zebra finchi, wale ndege wadogo wa kizimbani, wote kijivu. Wakataga mayai matano, yote yakaanguliwa. Midomo ya makinda ilipoanza kuacha weusi na kuingia rangi ya chungwa, nikaona watatu ni kijivu kama wazazi, wawili kahawia hafifu kama chai ya maziwa. Hao wawili hawana mashavu ya chungwa wala madoa ubavuni, ni majike. Jirani anasema dume si baba yao, nimrudishe kwa aliyeniuzia. Lakini tangu waje hakuna dume mwingine kizimbani! Na nikitaka wengi wa rangi hiyo, niwaoanishe ndugu kwa ndugu?

BabaPacha_Kasarani: Pole dada. Labda ni lishe. Wangu walipauka nilipowapa nafaka ya aina moja tu.

MamaNdege: Baba Pacha, lishe duni hufifisha manyoya, lakini haichagui majike wawili ikawaacha ndugu zao. Hii ni damu.

Dada, tafadhali usimrudishe huyo dume, huenda ndiye ndege wako wa thamani zaidi. Kromosomu ni nyuzi ndani ya seli zinazobeba jeni, yaani maelekezo ya urithi. Kwa ndege, dume ana kromosomu mbili za Z, jike ana Z moja na W. Rangi hiyo tunaiita fawni, na jeni yake imekaa kwenye Z. Ikikutana na Z ya kijivu hujificha. Baba yao anazo zote mbili, ya kijivu na ya fawni, na kwa macho huwezi kumtambua mpaka azae. Binti hupata Z moja tu, ya baba. Akiangukiwa na ile ya fawni, hana nyingine ya kuifunika. Wana wa kiume hupata pia Z ya kijivu ya mama, kwa hivyo wote hutoka kijivu, na kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu ya kuwa amebeba fawni.

Ndiyo maana jike wa kijivu hawezi kubeba fawni kwa siri. Mtu akikuongezea bei kwa kusema jike wake amebeba, usitoe hata shilingi.

MfugajiUmoja: Asante sana mama, nilikuwa nimeshatoa kikapu cha kumbebea! Sasa mabinti niwape dume gani?

MamaNdege: Si kaka zao wala baba yao. Ukiwapa dume kijivu asiyebeba, makinda wote watatoka kijivu, usivunjike moyo; madume wote watakuwa wamebeba. Ukipata dume fawni wa ukoo mwingine, kwa mabinti zako utapata fawni tupu. Kwa jike kijivu, mabinti wote fawni na wana wote kijivu, unajua jinsia kwa rangi kabla mashavu hayajatokea.

Fundi_Vizimba: Nyeupe ni tofauti, lazima wazazi wote wawili wawe wanaibeba. Na wenye kishungi msiwaoanishe wao kwa wao: kinda akirithi kishungi pande zote mbili hufia ndani ya yai. Nilitupa mayai mengi kabla ya kuelezwa hilo.

MfugajiUmoja: Dume amebaki. Wale watatu wa kijivu nawafunga pete za rangi tofauti leo jioni, nisichanganye nani ni nani nikianza kuwajaribu nione kama kuna dume aliyebeba fawni. Kama kuna mwenye dume fawni hapa Nairobi, aniambie.