Sukari kwenye kamasi za farasi inatoka wapi na inafanya kazi gani?

MwanaMikindani
Habari zenu wakuu. Nasoma afya ya wanyama, sahivi niko likizo nyumbani Mikindani najisomea mfumo wa upumuaji wa farasi. Huku kwetu Mtwara farasi wa kumshika hamna, punda wenyewe wa kutafuta, kwahiyo mambo mengi naishia kuyasoma tu. Nimekuta ute wa puani na kooni mwa farasi una kabohaidreti kibao. Sasa hiyo sukari inatoka kwenye chakula, yaani akilishwa molasi nyingi na kamasi zinakuwa na sukari nyingi? Afu bakteria si wanapenda sukari, inakuwaje mwili uwawekee msosi mlangoni? Natanguliza shukrani.

MifugoLindi
Mkuu umeuliza la maana sana. Molasi haihusiki kabisa, hiyo inasagwa tumboni inaingia kwenye damu kama glukosi na fruktosi basi. Ute zaidi ya asilimia 90 ni maji, kinachoufanya unate na kuvutika ni protini zinaitwa musini, na musini zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari ambazo seli za utando wa njia ya hewa zenyewe zinazipachika moja moja kabla ya kuutoa ute nje. Chukua kuti la mnazi, upongoo wa katikati ndio protini, majani yaliyochomoza ndio minyororo ya sukari. Inaanza sukari inaitwa N-asetiligalaktosamini, zinafuata galaktosi, N-asetiliglukosamini, fukosi, na nchani mara nyingi inakaa asidi ya siali, nayo ni sukari ila ina chaji hasi kwahiyo minyororo inasukumana na kushika maji, ute haukauki.

Kuhusu msosi mlangoni, kweli wapo bakteria wanaozikata hizo sukari na kuzila, ila mwili umezipanga kwa namna nyingi sana na kila muungano unataka kimeng'enya chake, yaani protini ya kuukata, sio kila mdudu anaviweza. Na faida yenyewe kubwa iko hapa: virusi vya mafua ya farasi H3N8, vile vilivyoonekana Miami 1963, ili viingie kwenye seli lazima vishike asidi ya siali, sasa ute nao umejaa asidi hiyo hiyo, vinanasa humo, vinyweleo vya utando vinausukuma ute mpaka kooni, mnyama anameza, vimeisha. Navyo vina kimeng'enya kinaitwa nyuraminidasi cha kuikata asidi hiyo vijinasue, ndo maana vita haiishi. Halafu kwenye bomba la hewa la farasi asidi hiyo nyingi ni ya aina ya N-glikolili ambayo sisi binadamu miili yetu haiitengenezi, mimi hili jambo huwa linanishangaza mpaka leo.

MwanaMikindani
Aisee nimekuelewa vizuri mno. Ila wanajuaje sukari ipi iko sehemu gani, mana kwenye hadubini si vyote vinaonekana sawa?

Mama_Maabara
Mdogo wangu, kuna rangi inaitwa Alcian blue, hiyo inashika ute wenye tindikali unakuwa bluu. Ukitaka sukari yenyewe kwa jina ndo unatumia lektini, hizi ni protini nyingi za kwenye mbegu, unazifunga rangi ya kung'aa, kila moja inashika sukari yake. Ya ngano inashika N-asetiliglukosamini na asidi ya siali, na ipo ya soya, ipo ya mbarika, ipo ya karanga, karanga hizi hizi wanazolima Masasi na Nachingwea. Ya karanga inatafuta galaktosi iliyokaa juu ya N-asetiligalaktosamini, ila asidi ya siali ikiwa imeifunika haishiki, kwahiyo slaidi moja unaiacha na ya pili unaitoa asidi kwanza kwa kimeng'enya, ukiona ya pili imewaka na ya kwanza haijawaka unajua hapo nchani palikuwa na asidi ya siali. Mi napenda sana hii kazi jamani, unaona kabisa seli moja imewaka na jirani yake kimya.

PundaWaKazi
Samahanini wataalamu, mi niko Nachingwea nina punda anatoka kamasi, hii ina uhusiano na hayo?

MifugoLindi
Kaka, zikiwa nyepesi kidogo baada ya kupita kwenye vumbi usiwe na wasiwasi. Zikiwa nzito za njano, ana homa, na chini ya taya pamevimba, mtenge na wenzake, ndoo yake asinywee mwingine, na umwite mtaalamu leo leo usingoje. Mafua ya H3N8 yaliwapiga sana farasi na punda Afrika Magharibi 2018 na 2019, tusichukulie poa. Na kitu kimoja watu hawakizingatii, usimfunge kichwa kikiwa juu muda mrefu, hawa wanyama ute wao unashuka wakiinama, farasi akisafirishwa kwenye lori kafungwa kichwa juu ndani ya siku moja tu bakteria wanajazana kwenye bomba la hewa na wengine wanapata nimonia. Chakula muwekee chini, majani makavu yenye vumbi yamwagie maji kwanza.

PundaWaKazi
Taya haijavimba na anakula vizuri, ila majani nilikuwa namtundikia juu ya mti. Nayashusha sahivi.