Meza moja kila usiku au kukaa popote melini? Tupeane uzoefu

Binti Tukuyu:
Wanajamvi, wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Kaka yangu anayeishi Uingereza anataka kuwapandisha wazazi wetu meli ya kitalii kutoka Southampton, maana mwaka huu wanatimiza miaka 40 ya ndoa. Mzee ni mstaafu wa kiwanda cha chai, mama analima ndizi na parachichi huko huko Rungwe. Hawajawahi kulala majini. Nauli iko mbioni kulipwa, lakini tumekwama kwenye swali moja la fomu: chakula cha usiku.

Kuna meza ya kudumu. Mnapangiwa meza yenu, saa yenu na wahudumu wenu, na inabaki hivyo hivyo mpaka safari iishe. Zamu ya kwanza ni saa 12:00 jioni, ya pili saa 2:30 usiku. Halafu kuna utaratibu huru: ukumbi ukishafunguliwa jioni mnakwenda mnapotaka, mnakaa patakapopatikana.

Kaka anataka huru. Anasema wazee wasipigiwe kengele kama wako bweni. Mimi nataka meza ya kudumu, tena nimeishikilia kwelikweli, kwa sababu namjua baba. Baba hali mbele ya watu asiowazoea. Harusini anashika sahani kwa adabu, anazungumza na watu vizuri, kisha anarudi nyumbani na kumuuliza mama kama kuna kande. Mtu wa namna hiyo ukimpa sura mpya kila usiku atashindia matunda ya chumbani.

Mliopanda meli hizi, mliofanya kazi humo, hata mliokula kwenye behewa la chakula la TAZARA, leteni visa vyenu. Naomba yaliyowakuta wenyewe, si ya kusimuliwa.

Mnyalukolo wa Kihesa:
Kamwene dada. Mimi ni wa Iringa, na nimefanya kazi ya uhudumu kwenye meli za kitalii kwa miaka kadhaa. Nilisomea hoteli VETA, nikafanya mafunzo ya usalama wa baharini pale chuo cha bahari cha DMI, Dar es Salaam, ndipo nikapata mkataba. Nitaeleza kwa upande wa mbeba sinia.

Zamu mbili zilitokana na hesabu ya viti. Ukumbi mkuu wa chakula haukujengwa kuwaketisha abiria wote kwa mpigo. Kundi la kwanza linakula, likitoka tunabadilisha vitambaa, glasi, visu na uma kwa haraka sana, la pili linaingia. Onyesho la burudani nalo hurudiwa mara mbili, wanaokula mapema wakaangalie baadaye, na wanaokula usiku waangalie kwanza. Ndivyo meli zilivyoendeshwa miaka mingi. Mwaka 2000 Norwegian Cruise Line wakaja na mpango walioupa jina la Freestyle Cruising, kwamba abiria ale saa anayotaka na mahali anapotaka. Wengine wakafuata kwa majina yao. Royal Caribbean wakauita My Time Dining. Siku hizi kampuni nyingi kubwa zina vyote viwili ndani ya meli moja, ndiyo maana fomu imewauliza. Cunard ni miongoni mwa walioshikilia zamu mbili kwa muda mrefu.

Sasa kisa changu. Kila mhudumu hupewa eneo lake, meza kadhaa zilizo jirani, akiwa na msaidizi mmoja. Kwenye meza za kudumu, usiku wa kwanza nauliza majina. Usiku wa pili nayajua. Kuanzia wa tatu najua nani hali kitunguu, nani anataka maji yasiyo na barafu, nani anachelewa kwa sababu mkewe anatembea polepole.

Nilimpata mzee mmoja ambaye mikono yake ilikuwa inatetemeka. Usiku wa kwanza aliagiza nyama ya kuchoma, akala viazi na mboga, nyama akairudisha nzima. Alisema ameshiba. Hakuwa ameshiba, alishindwa kuikata na hakutaka mkewe amkatie mbele ya watu. Kesho yake nilimwomba mpishi aikate nyama ile ile jikoni, aipange vizuri kwenye sahani, mchuzi juu. Niliiweka mbele yake bila neno. Alinitazama, nikaendelea na meza nyingine. Ikawa hivyo mpaka mwisho wa safari, na wale wengine wanne wa mezani hawakujua kitu.

Nimefanya kazi kwenye upande huru pia. Unahudumia kwa moyo ule ule, lakini mtu akiondoka humwoni tena. Kama mzee yule angekuwa upande huo, kila usiku angekutana na mhudumu mgeni, na kila usiku nyama ingerudi nzima. Dada, kwa baba yako mimi nasema meza ya kudumu.

Nesi wa Soweto:
Nimesoma hapo juu mpaka nimesimama. Ila na mimi nina langu, na halifanani na hilo.

Nilikuwa masomoni Ulaya, nikapanda meli na rafiki yangu kwenye bahari ya Mediterania. Tulichagua meza ya kudumu, zamu ya kwanza. Tukawekwa na mwanamume ambaye tangu supu mpaka kahawa alikuwa anatueleza Waafrika wana matatizo gani. Usiku wa pili akaendelea. Niliacha chakula nikaenda kwa msimamizi mkuu wa ukumbi, nikamwambia siwezi kurudi pale. Alituhamisha usiku uliofuata na hakutuuliza maswali mengi. Kwa hiyo dada, hilo wazazi walijue kabla hawajapanda: meza ya kudumu si hukumu. Msimamizi huwepo tangu siku ya kwanza ya kupanda, na kazi yake mojawapo ni kupanga upya. Mapema ni bora, kabla meza hazijajaa.

La pili ni siku za bandarini. Meli ikitia nanga mnakwenda kutembea mjini, mnarudi saa 11 mmechoka, jasho jingi, na saa 12:00 kamili mnatakiwa mezani mmeshaoga. Kuna siku tulishindwa tukapanda juu kwenye bafe, ambako mtu anajipakulia na hakuna anayemuuliza meza namba ngapi. Hakuna faini kwa kukosa meza yako. Lakini wazee wenye miguu mizito wataihisi hiyo haraka.

Safari yangu ya baadaye nilikwenda na wanangu nikachukua utaratibu huru. Niliufurahia. Foleni ilikuwepo, hasa kati ya saa 1 na saa 2 usiku, lakini tulikula pale watoto walipoona njaa.

Fundi Iyunga:
Mimi meli sijapanda, nimejibu kwa sababu umeitaja TAZARA. Reli ile ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, na nimekula kwenye behewa lake la chakula mara nyingi sana. Pale hakuna meza ya mtu. Unaingia, unaona kiti kiko wazi, unaomba ruhusa, unakaa. Mara moja, tumeshaipita Mlimba tunapanda kuja Makambako, treni inaingia handaki inatoka, nilikaa na Mzambia anayenunua mchele. Nilimweleza mchele wa Kyela, akanieleza soko la Kasama. Wali na kuku vikaisha sisi bado tunaongea, na mpaka leo tunafanya biashara.

Kama tungepangiwa viti, ningekula na fundi mwenzangu wa Iyunga niliyepanda naye. Kwa hiyo mimi ni wa huru. Mpeni mzee nafasi, huenda akawashangaza.

Mpunga Kyela:
Kwetu Ziwa Nyasa huo mjadala haupo. MV Mbeya II inabeba watu 200 na mizigo tani 200, na mtu anakula alipoketi, na aliyeketi jirani yake anakaribishwa. Mzee akitaka kuonja kulala majini kabla ya Southampton, aje apande hapa mpaka Mbamba Bay. Nasema kwa dhati kabisa. Kichefuchefu cha mawimbi ni bora akijue mapema, kwa sababu mtu anayetapika hana haja ya meza ya aina yoyote.

Mama Busokelo:
Mwanangu, nimesoma yote nikingoja mtu aulize, naona hakuna aliyeuliza. Mke wa kaka yako anakwenda?

Kama anakwenda, la kwanza ni hilo. Sisi Wanyakyusa tumekua na mwiko wa mkwe. Mimi nilipoolewa nilikuwa nikimwona baba mkwe anakuja njiani napinda, natoka barabarani mpaka apite. Jina lake sikulitamka. Kula naye mahali pamoja halikuwa jambo la kufikiria, na si kwamba nilimchukia, nilimheshimu kupita kiasi. Najua wengi wamelegeza. Kanisani wanakaa nyumba moja ya ibada, mjini wanapanda gari moja. Lakini mzee wa umri wa baba yako, ambaye wewe mwenyewe umesema hali mbele ya watu, unamweka uso kwa uso na mke wa mwanawe, sahani kwa sahani, usiku baada ya usiku? Kampuni ikiona jina la ukoo ni moja itawapa meza moja ya watu sita na kuona imewafanyia hisani.

Mwanangu wa kiume alipofunga ndoa hapa mjini, mimi mwenyewe nilikwenda kwa mpambaji wa ukumbi nikamwambia meza ya baba mkwe na ya bibi harusi zisitazamane. Alihamisha maua na viti, ikaisha. Kila mtu alikula.

Binti Tukuyu:
Mama, shikamoo. Umenikamata mahali ambapo wote tulipaona tukapapita.

Wifi anakwenda, pamoja na watoto wawili. Nimempigia yeye kabla ya kumpigia kaka. Ni Mbena wa Njombe, lakini nyumbani kwetu ameshika mila kuliko sisi wenyewe; baba akiingia sebuleni yeye anatoka na kazi ya jikoni. Ameniambia amekuwa akiliwaza hilo tangu safari ilipotajwa, akashindwa kulisema asije akaonekana anakataa zawadi. Alishapanga kimoyomoyo kuwa kila usiku atajifanya amechoka, ale juu kwenye bafe na watoto.

Mnyalukolo, kaka yangu, wewe uliyekuwa ndani: inawezekana kuwa na meza ya kudumu bila kuwa meza moja?

Mnyalukolo wa Kihesa:
Inawezekana, na huombwa kila safari kwa sababu nyingi, wala hamtahitaji kueleza mila yenu kwa mtu wa simu.

Ombeni meza mbili jirani, zamu moja, eneo moja la mhudumu. Sisitizeni hilo la mhudumu mmoja. Mkiomba meza za karibu tu mnaweza kugawanywa kwa wahudumu wawili wanaopakana, na faida yote niliyoisema mwanzo inakatika katikati. Baba na mama wachukue ya watu wawili. Kaka, wifi na watoto wachukue ya wanne. Baba akae akiwapa mgongo, aangalie dirishani kama lipo. Mtoto mmoja akitaka kwenda kwa bibi anahama tu na kiti chake.

Wekeni nafasi mara mbili kwa namba mbili, ya wazee na ya kaka, kisha iombeni kampuni iziunganishe kwa ajili ya chakula. Ombi likae kwa maandishi. Siku ya kupanda, namba ya meza mara nyingi huwa kwenye kadi ya chumba. Kaka aende ukumbini mchana ule ule azione meza kwa macho. Akikuta si zenyewe, msimamizi yupo pale.

Kuna mpango wa tatu pia. Kwenye meli za Disney, tangu ile ya kwanza mwaka 1998, abiria huzunguka mikahawa tofauti kila usiku na wahudumu wao wanazunguka nao. Ni mzuri kwa watoto. Kwa mzee asiyependa mageuzi, sidhani.

Na bakshishi: ulizeni kama imo kwenye nauli. Kampuni nyingi za Kimarekani hukata yenyewe, mara nyingi dola 16 hadi 20 kwa mtu kwa siku. Wazee waambiwe mapema, wasije wakashtuka mwishoni au mama akaanza kutoa noti kwenye khanga kila usiku.

Nesi wa Soweto:
Naongeza la afya. Wazazi wana sukari au presha?

Binti Tukuyu:
Mama ana sukari.

Nesi wa Soweto:
Basi hilo nalo liandikwe kwenye fomu kabla ya safari. Ukiwa kwenye meza ya kudumu, kiongozi wa wahudumu anaweza kukuletea menyu ya kesho usiku huu, uchague, jikoni wakuandalie. Na kwa mtu anayemeza dawa ya sukari au kujichoma sindano, saa ya kula isiyohama ni msaada mkubwa. Nilipokuwa nauzungumzia utaratibu huru nilikuwa nafikiria wanangu. Kwa mama yako nachagua zamu ya kwanza, saa 12:00, na siku za bandarini warudi melini mapema kidogo.

Fundi Iyunga:
Kwa habari ya sukari nakubali. Ila mchana wakati wa chai mzee aachwe akae na watu.

Binti Tukuyu:
Kaka amekubali. Alichobadilishwa nacho ni simu ya mkewe kuliko maneno yangu. Ombi limekwenda leo: zamu ya kwanza, meza mbili jirani, mhudumu mmoja, mama ana sukari. Wakinijibu nitaleta hapa ili na mwingine ajue.

Kuna jioni za mavazi rasmi, na baba hana suti inayomtosha tangu astaafu. Ni mrefu na amekonda. Nani anamjua fundi mzuri hapa Mbeya mjini, anayemaliza kwa siku aliyoahidi?

Mama Busokelo:
Njoo nikupeleke Mwanjelwa, aliyemshonea mume wangu bado yupo. Mzee mwenyewe aje apimwe, usilete suruali ya zamani.